Bangili ya mawe saba, feruzi inayochuja rangi na mama aliyeacha vidonge

Dada mmoja wa Mafinga kaniandikia, nafupisha kidogo: "Shikamoo fundi, kamwene. Nilinunua bangili ya mawe ya asili Mbeya mjini, ya kutengenezwa kwa mkono, elfu sitini na tano. Ina amethisti, taiga ai, akiki, feruzi, lapisi lazuli, hematiti na kapunje kamoja ka tanzanaiti. Nilipewa na kikaratasi, kila jiwe na kazi yake, moja linaleta wateja, jingine linazuia husuda, na kwamba mimi wa Desemba jiwe langu ni tanzanaiti ambalo mafarao walilivaa. Niiloweke maji ya chumvi kila mwezi kisha niianike kwenye mbalamwezi. Wiki ya tatu sasa ngozi chini ya feruzi imekuwa ya bluu. Mama mkwe anasema ni hirizi, nisiingie nayo kanisani. Na mama yangu mzazi nilimchukulia ile nyeusi ya sumaku, ana presha, sasa kaacha vidonge anasema bangili inatosha. Ni mawe ya kweli au nimepigwa? Na yanafanya kazi?"

Marahaba mwanangu, kamwene na wewe. Umeuliza mengi halafu lile zito umelichomeka mwishoni kama vile ni la kupita tu, kwa hiyo mi naanzia huko huko. Mama arudi kwa daktari. Sio akimaliza kupalilia, leo, ukimaliza kusoma hapa mpigie simu aende zahanati au kituo cha afya kilicho karibu apimwe, na awaambie ukweli kwamba ana siku kadhaa hajagusa dawa, wao ndo watamwambia aendelee na dozi ile ile au wampangie upya. Presha haina kelele, mtu anaamka mzima, anawasha moto, anachemsha chai, anacheka na majirani, kumbe iko juu hatari, na siku anayokuja kuisikia inaweza ikawa ni kiharusi. Kwa hiyo akikwambia "mbona najisikia vizuri tu" usimkubalie, kujisikia vizuri sio kipimo.

Hiyo hadithi ya sumaku wanaisimulia hivi: damu ina chuma, sumaku inavuta chuma, basi bangili inaivuta damu inazunguka vizuri na presha inashuka. Ukiisikia harakaharaka inaingia akilini kabisa. Ila chuma cha kwenye damu sio msumari, kimefungwa ndani ya himoglobini na sumaku ya namna hiyo haikishiki. Fikiria ile mashine ya MRI ya hospitali kubwa, nyingi zina sumaku ya tesla 1.5, inaweza ikanyakua mtungi wa oksijeni ukaruka kama jiwe la manati, na mgonjwa analazwa humo ndani muda mrefu tu damu yake inaendelea na safari zake kama kawaida. Sasa kama lile dude halisombi damu, kapunje ka milimita nane mkononi katasomba nini. Tena ukiwa na ndugu aliyewekewa kile kifaa cha kuusaidia moyo kupiga, asiivae kabisa, sumaku ikisogea karibu nacho inakivuruga.

Na lingine, hiyo nyeusi ya mama sio hematiti. Hematiti ya kweli ni oksidi ya chuma, nzito ukiipima kwenye kiganja, inang'aa kama kioo cheusi, lakini punje zake hazinasani. Zile zinazorukiana na kushikana zenyewe kwa zenyewe ni za kiwandani, unga wa madini ya chuma umekandamizwa, ukachomwa, ukatiwa usumaku. Ya kwako ambayo hujasema kama inanasa, ipime hivi: geuza kikombe cha udongo au kigae upande ambao haujapakwa ile rangi ya kung'aa, ikwaruze pale, hematiti itaacha mstari mwekundu wa kahawia kama tope la barabara zetu masika. Ndo maana Wagiriki walilipa jina linalotokana na damu, jiwe jeusi ukilisaga linatoa wekundu, na nafikiri huko ndiko habari zote za hematiti na damu zilikoanzia, mtu aliona rangi akamalizia mwenyewe.

Twende kwenye feruzi, hiyo ndo kesi nyepesi kuliko zote. Feruzi la kweli halichuji kama khanga mpya. Ulichovaa, karibu na hakika, ni haulaiti au maginezaiti, mawe meupe laini ya bei chee, yana vinyweleo vinavyonywa rangi vizuri mno na haulaiti ina vile vimishipa vyeusi vya asili vinavyofanana na vya feruzi, wanayachovya kwenye rangi ya bluu, tayari. Chukua pamba, ichovye kwenye asetoni ile ya kutolea rangi ya kucha, sugua upande wa ndani unaogusa ngozi, ikitoka bluu kesi imekwisha. Ukitaka ushahidi wa pili washa tochi ya simu uchungulie kwenye tundu linalopita uzi, mara nyingi utaona peupe mle ndani ambako rangi haikufika. Wa tatu ni ugumu. Kuna Mjerumani anaitwa Friedrich Mohs mwaka 1812 aliyapanga mawe kuanzia 1 ambayo ni talki mpaka 10 ambayo ni almasi, la juu linamkwaruza wa chini yake. Feruzi liko 5 mpaka 6, haulaiti 3.5 tu, kwa hiyo sindano ya kushonea inalichimba kama unachimba chaki ngumu. Jaribu pembeni ya tundu, usije ukaharibu uso halafu ukanilaumu.

Sasa hadithi ya feruzi yenyewe ni tamu, siwezi kuiruka. Jina tumelipata kwa Waajemi, kule Nishapur nchini Iran wamelichimba karne na karne, na Wamisri walikuwa wanalichimba Sinai hata kabla ya ile piramidi kubwa kujengwa. Wapanda farasi walilifunga mpaka kwenye hatamu wakiamini aliyenalo haanguki. Na ipo imani kwamba feruzi likipauka au kubadilika rangi mwenye nalo anaumwa, na hii huwa inanifurahisha kwa sababu aliyeianzisha alikuwa na macho. Feruzi lina vinyweleo, linanywa jasho, mafuta, sabuni, manukato, taratibu linaacha ubuluu linaelekea kijani. Mtu ana homa anatoka jasho siku tatu mfululizo, jiwe liko mkononi linakunywa, likibadilika watu wanasema jiwe liliona ugonjwa. Halikuona kitu, lilikunywa.

Ila ona mtego ulipo mwanangu, maana ndo jibu la swali lako lote. Habari zote hizo za Nishapur na hatamu na homa ni za feruzi. We umevaa haulaiti iliyochovywa. Hadithi haijui hilo, yenyewe inalifuata jina lililoandikwa kwenye kikaratasi, jiwe likibadilishwa kule chini yenyewe inabaki pale pale inang'aa. Kwa hiyo mtu akikwambia jiwe hili linazuia husuda, kabla hujabishana naye kuhusu husuda muulize kwanza ni jiwe gani, utashangaa mazungumzo yanavyoisha mapema.

Kapunje ka tanzanaiti sasa. Hapo kwenye mafarao nilicheka mpaka fundi mwenzangu akauliza kulikoni. Tanzanaiti imejulikana 1967, kule Mirerani, Simanjiro, anayetajwa kuigundua ni mzee Jumanne Ngoma, na mpaka leo haichimbwi kibiashara sehemu nyingine yoyote duniani. Jina lenyewe walilipa wafanyabiashara wa vito wa Marekani, Tiffany, mwaka 1968. Farao gani huyo alipita Mirerani? Na haya mawe ya mwezi wa kuzaliwa orodha yake ya kisasa ilipangwa na chama cha masonara wa Marekani mwaka 1912, wamekaa kikao mji wa Kansas City wakapatana nani auze nini mwezi gani, biashara tu. Kuhusisha mawe na miezi ni kitu cha zamani kweli, ila ile orodha unayoiona kila mahali ni ya kikao kile, na tanzanaiti iliongezwa Desemba mwaka 2002. Cha kuchekesha Desemba ya ile orodha ya 1912 ilikuwa feruzi na lapisi lazuli, kwa hiyo kama bangili yako ingekuwa ya kweli ungekuwa umejivika Desemba mara tatu.

Jinsi ya kuiangalia: tanzanaiti ina tabia ya kubadilika rangi kwa upande unaoitazamia, ukiizungusha polepole mbele ya dirisha utaiona bluu, ukigeuza inaelekea zambarau. Nyingi zikitoka ardhini zina ukahawia, zinachomwa kwenye tanuru nyuzi kama 500 mpaka 600 ndo bluu inatulia, na hilo sio udanganyifu, kila mtu kwenye kazi hii anajua. Ukikuta punje ina bluu moja iliyoiva sawasawa kila upande, haina hata kovu ndani, na imetupiwa kama nyongeza kwenye bangili ya elfu sitini na tano, mi nasema kioo mpaka nithibitishiwe vingine. Weka lenzi, ukiona viputo vya mviringo kama vya soda ndani yake basi, kioo.

Usijione mjinga lakini. Mi mwenyewe kazi hii imenifunza kwa viboko. Mwaka 1996 nilishuka Tunduru, ule moto wa safaya ulikuwa umewaka mwaka mmoja miwili tu nyuma, watu wamejaa kwenye mto Muhuwesi kama siafu, Wathai wananunua, Wasri Lanka wananunua, kila kijana wa huku Nyanda za Juu anasikia mtu fulani kapata jiwe kajenga. Nilikuwa na hela ya mahindi ya mzee wangu. Nikauziwa mzigo wa mawe ya bluu, machafu machafu, yana udongo na kingo zilizochakaa kama yametoka mtoni kweli, nikapanda nayo mpaka Arusha nikijihesabu tajiri. Jamaa wa maabara akaweka kwenye hadubini, akanyamaza, akaniita nichungulie, ndani kuna mistari ya kupinda kama mifereji kwenye sahani ya santuri na viputo. Yametengenezwa kiwandani, ufundi wa Mfaransa Verneuil aliyeutangaza 1902, halafu mtu akayavunja akayasugua na mchanga akayapeleka mgodini. Safaya ya ardhini mistari yake inanyooka na kukata kona, haipindi. Mzee aliniuliza hela iko wapi na sikuwa na jibu msimu mzima. Kwa hiyo feruzi yako ya kuchuja ni ada ndogo tu.

Waliobaki nawapitia. Amethisti yako inaweza ikawa ya kweli kabisa, nasema hivyo kwa sababu jiwe hili sio ghali sana, na jirani zetu Zambia wanalitoa kwa wingi kule Kalomo, kuvuka Tunduma ni hapo tu. Ni kwatzi yenye chuma kidogo kilichopigwa na mionzi ya asili chini ya ardhi miaka na miaka, ndo zambarau inapotoka. Angalia kama zambarau haiko sawa, sehemu imekolea sehemu imepauka, hiyo ni dalili nzuri. Jina lake kwa Kigiriki maana yake ni "asiyelewa", walikunywa divai wakiwa nalo wakiamini hawatalewa, na mi naona waliamka na kichwa kinagonga kama watu wengine. Baadaye maaskofu wakalichukua, pete za maaskofu wengi tangu zamani ni amethisti. Kumbuka hilo, nitalirudia kwa mama mkwe.

Taiga ai, ile ya kahawia na dhahabu yenye mstari unaotembea ukiigeuza, nyingi inatoka Afrika Kusini, jimbo la Northern Cape. Mstari wa kweli una ulaini kama hariri na unapinda kidogo, wa kioo unakuwa mmoja, mkali, umenyooka kama umechorwa kwa rula. Hapo huna haja ya maabara.

Lapisi lazuli nyingi inatoka Badakhshan, Afghanistan, imechimbwa kule zaidi ya miaka 6,000, na wachoraji wa Ulaya walilisaga wakapata rangi ya bluu ya kuchorea nguo ya Bikira Maria ikawa ghali karibu na dhahabu. La kweli lina vumbi la dhahabu dhahabu ambalo ni pairaiti, limetawanyika ovyo, na mara nyingi mawingu meupe. Likiwa bluu tupu fanya ile ya pamba. Na hata likiwa kioo usione aibu kubwa, ile barakoa maarufu ya Tutankhamun, ya dhahabu, miaka zaidi ya 3,300 sasa, ina lapisi na akiki za kweli lakini ile mistari ya bluu ya kilemba ni kioo cha rangi. Hata bibi zetu, shanga nyekundu zenye moyo mweupe zilizoletwa na misafara ya karne ya 19 kutoka pwani, zile walizoziita samesame, zilikuwa kioo kutoka Ulaya na zilitumika kama hela, watu walitolea mahari na hakuna aliyedhalilika. Kioo kikiuzwa kwa jina la kioo mi sina ugomvi nacho.

Akiki ndo jiwe ninalolipenda kuliko yote kwenye bangili yako, naomba uniruhusu nikae hapa kidogo. Ile nyekundu ya chungwa. Watu wa Khambhat, Gujarat kule India, wamelitengeneza kwa karne nyingi sana, wanalichimba likiwa la kahawia hafifu, wanalianika juani, halafu wanalichoma taratibu ndani ya vyungu mpaka chuma kilichomo kinaiva linakuwa jekundu, ndo wanalikata na kulitoboa kwa mkono. Punje hizo zilipanda majahazi zikafika pwani yetu, wachimbuaji wa magofu ya miji ya Waswahili wanazikuta mpaka leo. Kwa Waislamu jiwe hili lina heshima ya pekee, imepokewa kwamba pete ya Mtume ilikuwa ya fedha na kito chake cha Kihabeshi, na wanazuoni wengi wanasema hicho kito ni akiki au jamii yake, ndo maana utaona wazee wa pwani wana pete nzito ya fedha yenye jiwe jekundu. Na walioligeuza kuwa muhuri, huko Roma na Uajemi na kwingine, walikuwa na sababu ya kifundi kabisa, nta ya moto hainati kwenye akiki, unagonga muhuri unainua unatoka safi. Jiwe zuri, gumu, ugumu wa 7, halichuji, halipauki. Kama punje zako za akiki ukizishika zina ubaridi unaokawia kuisha, na ukizimulika na tochi mwanga unapenya kama kwenye asali, zitunze.

Halafu kabla sijasahau, siku hizi kuna vijana wanapitisha punje nyeusi wanasema ni vipande vya kimondo cha Mbozi. Kimondo kile kiko Ndolezi, tani zinakadiriwa kama 16, chuma karibu asilimia 90 na nikeli kiasi, wazee wa kule walikijua kabla serikali ya kikoloni haijakiandika mwaka 1930, na ni mali ya kale inayolindwa. Hakuna anayekatiwa kipande akatengenezee bangili. Nililetewa mzigo huo mara moja, nikaukwaruza kwenye kigae. Mstari mwekundu. Hematiti. Angalau walileta hematiti ya kweli.

Mama mkwe. Hapa naongea kama mtu mzima tu, sio fundi, na mi sio mchungaji. Ana hoja mwanangu, sikatai, maana ukisoma kikaratasi chako, kile kinachosema inaleta wateja na inazuia husuda na inatakiwa kulishwa chumvi na mwezi, mtu yeyote aliyekulia huku atakwambia kinaongea lugha ya hirizi, imebadilishwa nguo tu. Hajaikataa bangili, kakikataa kikaratasi. Mi ningekuwa wewe ningemkalisha tukanywa chai, nikamwambia mama kikaratasi nimekitupa, hili jiwe la zambarau ni lile la pete ya askofu, hili jekundu ni la masonara, nimeivaa kwa sababu imenipendeza. Akikataa bado, ivue ukienda kanisani, bangili sio ya kuvunjia nyumba. Na wateja unao au huna kwa bei na kauli yako, we mwenyewe mfanyabiashara unalijua hilo kunizidi.

Chumvi acha leo. Maji ya chumvi yanaingia kwenye vinyweleo vya feruzi na lapisi, yanaozesha ile pairaiti, na uzi unaozea humo humo kwenye matundu. Mbalamwezi haina madhara, ianike ukipenda, baridi ya Mafinga usiku utaipata wewe sio jiwe. Ila jua usithubutu, amethisti ikikaa dirishani miezi inapauka. Kuosha ni maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo sana, kitambaa laini, dakika moja, ukaushe. Na upake mafuta kwanza ndo uvae bangili, sio kinyume, mafuta ya mgando ndo yanayoua mpira.

Sasa la utengenezaji wenyewe, ambalo hukuuliza lakini kwangu ndo linaloamua kama umepigwa au hujapigwa. Elfu sitini na tano kwa mawe hayo peke yake ni nyingi. Kwa kazi ya mkono iliyo safi inaweza ikawa halali, kwa hiyo tuikague kazi. Tundu la punje nzuri limetobolewa kutoka pande zote mbili likakutana katikati, mdomo wake umelainishwa, ukipitisha uzi hausikii kukwaruza. Tundu lenye meno linakata mpira kabla mwaka haujaisha. Mpira wenyewe fundi anayejua anauvuta kwanza kabla ya kutunga ili usije ukalegea mkononi, anafunga fundo la kuzungusha mara mbili, tone la gundi, halafu analivuta fundo lizame ndani ya punje yenye tundu kubwa. Ukiliona fundo lako liko nje limekaa kama chawa kwenye mshono, kazi ya haraka hiyo.

Na kosa kubwa zaidi, ambalo nakisia unalo kwa sababu bangili nyingi za mawe saba zinalo: wamepanga mawe ya ugumu tofauti yakigusana. Amethisti, taiga ai na akiki zote ni 7. Lapisi ni 5 kuelekea 6, haulaiti yako 3.5, na tanzanaiti hata ikiwa ya kweli ni 6 na kitu na ina mshikamano dhaifu upande mmoja, ikigongwa vibaya inapasuka kama kuni kavu. Mkono unatembea siku nzima, unafua, unakata mboga, unahesabu chenji, punje zinasagana, baada ya miezi utakuta wale wagumu wanang'aa na wale laini wamekuwa na ukungu. Fundi mwenye huruma na jiwe anaweka kati yao kijipete kidogo cha shaba au fundo la uzi.

Kwa hiyo ifungue. Chukua mkasi, kata mpira juu ya sahani zisitawanyike, zipime moja moja kama nilivyokwambia, zilizochuja weka pembeni watoto wachezee, wale wa kusoma tu sio wale wa kutia kila kitu mdomoni. Zilizobaki zitunge upya na mpira wa milimita 0.8 au 1, kipimo ni kuzungusha uzi kwenye kifundo cha mkono halafu uongeze sentimita moja na kidogo, mkono wa sentimita 17 ukifanya hivyo punje za milimita nane zitaingia 22 au 23. Zikipungua jaziliza kwa akiki, hazikosekani na bei yake haitakuumiza.

Ya mama usimnyang'anye, umemletea zawadi na ameipenda, ukiivua kwa nguvu atasema unamwonea na vidonge vile vile hatakunywa. Mwambie unaipeleka kwa fundi ikakazwe. Toa zile za sumaku zote, mtungie akiki kwenye uzi mweusi ule ule, umrudishie siku mnayokwenda kupima tena, aivae. Wala hana haja ya kuivua akifika pale, kile kitambaa cha kupimia wanakifunga juu ya kiwiko.